Kome wa Bluu

Kituo cha Maji, 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta mapema kuliko ile ya mwisho, ambayo Polepole aliisahau kwenye kiti cha gari hadi ikapata alama ya kikombe cha chai. Dereva wetu huyu waliompa jina hawakukosea.

Sisi hatujambo. Mama goti bado linamsumbua, ila mdomo hauna tatizo. Kutwa anatoa amri akiwa kitini: sogeza hiki, pangusa kile. Anakusalimu sana.

Kazini tumepata bosi mpya. Jana aliingia kwenye chumba changu, akawatazama kome kwenye tangi, akauliza, "Hawa nao wanalipwa mshahara?" Ikabidi nimweleze kila kitu tangu mwanzo. Kwamba kila mmoja ana waya mwembamba kwenye gamba, na maji ya mto yanayokwenda mjini yanapita kwanza juu yao. Yakiwa mazuri, wanakaa wazi wakinywa. Kikiingia kitu kibaya, wanafunga, na wakifunga wengi kwa pamoja kengele inalia na pampu zinazimika kabla mtu hajafungua bomba nyumbani kwake. Akauliza kwa nini basi tunawabadilisha kila baada ya miezi mitatu. Nikamwambia wanazoea. Kome akikaa sana na sisi anaanza kuvumilia, anaacha kushtuka, na kome asiyeshtuka hana kazi hapa. Ndiyo maana tunampaka rangi ya kucha, tunamrudisha ziwani kwa shangazi yangu, na hatumchukui tena maishani. "Kwa hiyo anastaafu," bosi akasema, na akatoka ameridhika.

Leo Polepole anakuletea kundi la kijani. Watie majini pale pa siku zote, kisha umpe wengine wapya.

Sasa lile jambo letu la wewe kuhamia kwetu. Tangu mwanao Bata apotee ziwani mwaka juzi unaishi peke yako, na ninasikia maji yanarudi nyuma kila mwezi. Chumba chako kimepakwa rangi. Nimeweka meza karibu na dirisha ili cherehani ipate mwanga. Na tafadhali, usiache ufunguo wa nyumba nje chini ya jiwe. Watu wanapita.

Mpwa wako


Ziwani, 27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nakula, nalala, nashona sare za shule ambazo watoto wanazichana kabla hazijafuliwa. Mwambie wifi goti haliponi kwa kutoa amri. Asimame atembee, asijifanye malkia.

Kijani nimewapokea. Polepole alifika jua limekaribia kuzama, akaniambia alikuwa "anaionea huruma injini". Nikamwambia na mimi niionee huruma sufuria nisimpikie. Akacheka, na akala.

Ulichosikia ni kweli, ziwa limetuhama. Pale tulipokuwa tunafulia ni tope lililopasuka. Lakini ungewaona kome! Wanaondoka na maji. Kila mmoja anatoa ule ulimi wake, anajivuta, na nyuma anaacha mfereji kama mtu aliyepitisha kidole kwenye unga uliokandwa. Wengine wanakwenda moja kwa moja kuelekea majini. Wengine wanazunguka, wanarudi walikotoka, wanafia hapo. Na wako ambao hawaendi popote. Wanajichimbia chini wakingoja maji yarudi, na hao ndio wananiuma, kwa sababu ukiwachimbua unawakuta wamebana midomo, wanangoja kweli. Konokono wadogo wa kwenye majani siwaoni tena. Tope sasa limejaa vijidudu vyekundu, vinajipindapinda kama nyuzi zilizokatika chini ya mashine. Hivyo havina shida na joto wala harufu. Vimeona nafasi, vimehamia.

Kila asubuhi naingia na ndoo, nawaokota nao wafuate wenzao.

Kuhusu kuhama, jibu ni lilelile. Ndugu yako akirudi, nani atamfungulia? Ufunguo utakaa chini ya jiwe kwa sababu yeye ndiye anayejua kuwa uko hapo.

Sasa na mimi nina swali. Wa njano walirudi. Wekundu walirudi, wa zambarau walirudi, sasa na wa kijani. Wale wa bluu mbona sijawaona? Hao ndio wa mwisho aliokuletea Bata, na rangi alikuchagulia mwenyewe, alisema kucha zako za bluu zinatisha bora wapakwe kome. Nijibu hilo kwanza, kabla ya habari za goti.

Shangazi yako,
Mama Bata


Kituo cha Maji, 21 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Unisamehe kuchelewa, kazi zilitubana. Mama alijaribu ushauri wako, akatembea hadi dukani, akarudi amebebwa na bodaboda, anasema ulitaka kumuua ili uirithi kanga yake nyekundu.

Nimesoma habari za ziwa mara nyingi. Hao vijidudu wekundu nawajua. Uwekundu wao ni damu, inawasaidia kuishi mahali ambapo hewa ndani ya maji imeisha. Ukiwaona wamejaa, ujue wengine wote wameshindwa kupumua hapo. Shangazi, maji ya kunywa unachota wapi siku hizi? Kama kuna utando wa kijani juu yake, usiyanywe. Hata ukichemsha haisaidii. Joto likizidi na maji yakipungua, ule utando unaacha sumu, na mbolea ya mashamba ya juu inaunenepesha. Tafadhali nunua maji.

Wale wa bluu nadhani walirudi zamani, labda Polepole aliwamwaga mwenyewe akasahau kukuambia. Unamjua alivyo.

Chumba bado kinakusubiri.

Mpwa wako


Ziwani, 2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba.

Usinifanye mtoto. Polepole husahau barua, husahau kufunga mlango wa gari, lakini nilimuuliza ana kwa ana, akaapa hajawahi kubeba wa bluu, na mtu yule hajui kudanganya, anatokwa jasho. Wewe ndiye unajua waliko. Nimekulea tangu ukiwa huna meno, najua ukisema "labda" maana yake nini.

Nawataka warudi. Kila kundi lina haki ya kurudi kwake. Hiyo ilikuwa kanuni yenu, mimi sikuitunga.

Na kuhusu maji yetu: nimeyanywa tangu nilipoolewa. Nimempa Polepole dumu moja. Kama unayaona mabaya, usiniulize mimi wala vitabu vyako. Waulize wao.

Mama Bata


Kituo cha Maji, 30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo. Leo sina habari nyingine za nyumbani.

Kome wa bluu ninao. Wako stoo, nyuma ya chumba cha pampu, ndani ya sinki la zamani ambalo maji ya mto yanapita muda wote. Miezi yao mitatu iliisha wiki ileile tuliyoletewa habari kwamba mtumbwi umeonekana unaelea na Bata hayumo. Niliwapaka rangi, nikawaweka kwenye ndoo tayari kwa safari, nikashindwa. Mikono yake ndiyo iliyowashika. Nikasema nitawapeleka mwezi ujao, na mwezi ujao nikasema hivyo tena. Kila siku kabla sijaanza kazi naingia stoo nawaangalia. Hakuna anayejua, isipokuwa mfagiaji, ambaye anadhani nafuga kitoweo.

Dumu lilifika. Nilianza na walio kazini. Walifunga mara moja, wote. Nikajiambia hawa wapya ni waoga tu, nikawaendea wa bluu, nikawabandika waya. Hao hawashtuki, shangazi. Mwaka jana dawa ya mashamba ilimwagika mtoni, kengele ikalia, mji ukakosa maji nusu siku, na wao huku stoo walikuwa wazi wanakunywa kana kwamba hawajasikia. Wameshazoea kila kitu chetu.

Nikamimina maji yako taratibu. Mistari yao kwenye kioo cha kompyuta ilikaa juu, yaani wako wazi, na mimi nikaanza kufurahi, nikawa natunga kichwani barua ya kukuomba radhi. Kisha mmoja akashuka. Akafuata mwingine, na mwingine. Wa mwisho alikuwa yule mkubwa mwenye ukingo uliomeguka, ambaye Bata alimwita Mwenyekiti kwa sababu hana haraka na mtu. Naye akafunga. Niliwarudishia maji safi, na kutwa nzima hakuna aliyefungua.

Nilikaa sakafuni nikalia. Maji ya nyumbani kwao wameyakataa, na ndiyo unayopikia, ndiyo unayokunywa.

Halafu nikambana Polepole. Kwanza alijifanya anakagua tairi. "Mama Bata hajambo," akasema. Nikamwambia, "Polepole, nitazame usoni." Akasema, "Mama amekonda. Na ile ndoo habebi tena. Anatembea na mti mrefu kwenye tope, anachoma, anachomoa, anasogea, anachoma tena. Kama mtu aliyeangusha pete. Nilimuuliza anatafuta nini, akasema nisimchoshe."

Shangazi, unatafuta nini kwenye tope?

Siwezi kuwarudisha ziwani. Ningekuwa ninawaua, na ninaona kama ningemuua yeye mara ya pili. Lakini sitawaficha tena. Unakumbuka kile kijito cha juu, kule ambako Bata alijifunzia kuogelea, maji yanatoka chini ya mawe yakiwa baridi kiasi cha kuuma meno? Kina kibwawa chenye mchanga. Pale wanaweza kuishi. Niambie tu ndiyo, nitakuja nao.

Mpwa wako


Ziwani, 8 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Najua nimekaa kimya sana, na najua wifi ameshanizika mara kadhaa. Mwambie bado nipo, na kanga yake nyekundu bado naitaka.

Nilikuwa nimelazwa zahanati. Tumbo lilinianza tangu mwaka mpya, sikukuandikia kwa sababu nilijua utaleta gari na kamba. Muuguzi, yule binti mwenye sauti ya kamanda, aliniuliza, "Wewe mama, unakunywa nini?" Nikasema maji. "Maji gani?" Nikanyamaza. Akasema, "Haya, ukimaliza kunyamaza uniambie." Sasa natumia maji ya zahanati na nimeanza kunenepa, ingawa si kwa kiwango cha wifi.

Umeniuliza natafuta nini. Jibu nilishalipata, mwezi wa pili, wiki ileile niliyokuuliza habari za wa bluu.

Nilikuwa naokota kome, mbali, mahali ambapo zamani hata mpiga kasia hodari hakugusa chini. Nikaona pembe ya turubai imetokeza kwenye tope. Nikavuta. Likatoka kapu la waya. Unalikumbuka, lile ambalo Bata aliingia nalo majini kuwakusanyia kome wenu, ambalo nilimshonea mfuniko ili wasimwagike njiani. Kamba yake imekatika. Turubai limeoza kando kando, lakini mshono ulikuwa mzima. Ni mshono wangu, niliurudia mara mbili ili usiachie, na kweli haukuachia.

Nikaukata kwa kisu. Ndani mlikuwa na kome wa siku ile, wale aliokwenda kuwachukua wakati wa upepo. Hawana rangi yoyote, hakuna mtu aliyepata nafasi ya kuwapaka. Wote wamefunguka, watupu. Maji yalipoanza kuondoka wenzao walitoa ndimi wakafuata, wao walikuwa na mfuniko juu yao. Nilikaa pale kwenye tope nikiushika ule mshono, na niliichukia mikono yangu.

Baada ya hapo ndipo nikachukua mti nikaanza kumtafuta mwenyewe. Nimechoma tope hadi viganja vimechubuka. Sikumpata, mwanangu. Lakini jibu nilikuwa nalo tayari, limelala uvunguni mwa kitanda changu, nimelifunga kwenye shuka. Sikumwambia mtu. Ukitaka kujua nilikuwa naficha nini, ni hicho. Nilitaka kome waliobaki wa mikono yake, walio hai, nikakufokea wewe kana kwamba umeniibia, kumbe tulikuwa tunafanya jambo moja, wewe stoo, mimi uvunguni.

Umeniandikia kwamba kome akizoea, haachwi kazini. Nimelifikiria sana hilo kitandani zahanati. Muuguzi alinigusa tumbo akauliza kama panauma, nikamwambia hapana, na kweli nilidhani hapaumi.

Usiwalete ziwani. Walete kijitoni. Na mama yako aje, goti au bila goti.

Mama Bata


Kituo cha Maji, 17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea mama, tukashindwa kula. Baadaye akafungua sanduku, akatoa ile kanga nyekundu, akaipiga pasi. Anakuletea.

Bosi amenipa ruhusa. Ilibidi nimwonyeshe stoo. Aliinama juu ya sinki, akauliza ni wa kundi gani. Nikasema ni wa binamu yangu. Hakuuliza zaidi, akasema gari nichukue.

Tutakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nitawafunika kwa kitambaa kibichi, na nimemwambia Polepole siku hiyo ajiendeshee alivyo, asiharakishe.

Sijui tutasema nini pale. Mimi sijui maneno ya namna hiyo. Natumaini wewe unayajua.

Mpwa wako


Ziwani, 14 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini mlifika salama, na goti la wifi halikuachwa njiani. Kanga nimeivaa leo. Inanipendeza kuliko yeye, msomee hapo kwa sauti.

Ile siku uliniangalia, ukingoja niseme. Nilikuwa nimeliandaa neno la kumuaga Bata, nimelibeba tangu nyumbani. Tuliposimama wote watatu miguu ndani ya maji baridi, ukaanza kunipa mmoja mmoja mkononi, likanishinda. Tukawaweka kwenye mchanga, tukarudi kwenye gari kama watu waliogombana. Usiku ule wifi alinishika mkono hadi nikalala, naye hakusema kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimjue.

Jana nilirudi kijitoni peke yangu, nikiwa nimebeba kapu. Nilikaa juu ya jiwe nikawatafuta. Mwanzo sikuona kome hata mmoja, nikadhani wamechukuliwa na maji. Kisha nikaona tone la bluu kwenye mchanga, na jingine. Wamejichimbia, wameacha migongo tu nje, na kila mmoja ana mfereji mdogo nyuma yake. Wametembea, mwanangu. Baada ya kukaa sinkini muda wote ule bado wanajua kutembea. Mwenyekiti peke yake alikuwa juu, amelala ubavu, amefunga. Nikamngoja. Jua lilipopita juu ya miti akafungua kidogo, akatoa ule ulimi, akaanza kuchimba, bila haraka na mtu.

Nikachimba na mimi, kando ya maji, kwa mikono. Nikalizika kapu na yale magamba yaliyokuwamo, na nikalisema lile neno nililoshindwa kulisema mbele yenu. Nililisema kwa sauti.

Polepole anakuletea barua hii pamoja na mzigo wa kwanza: cherehani, sufuria, na lile sanduku langu la nguo ambalo hupaswi kulifungua. Aiweke cherehani dirishani, asiipindue. Mimi nalala kwa muuguzi hadi arudi kunichukua, na kwa mwendo wake nitakuwa nimeshakuwa mkunga. Nyumba nimeifagia, madirisha nimeyafunga. Ziwa sikwenda kuliaga. Liko mbali siku hizi, ningechoka.

Ndani ya bahasha utakuta ufunguo. Utunze wewe, mimi sitaki kuushika. Ukiuona una kutu usidhani sikuujali. Umekaa nje chini ya jiwe mvua na jua, ukimsubiri marehemu.

Shangazi yako,
Mama Bata